Kaakaa limeshonwa, mbona mjukuu wangu bado anasemea puani?

Swali: Nipo Ngamiani, Tanga. Ninalea mjukuu wangu wa kiume, ametimiza miaka mitano. Alizaliwa na mdomo wa sungura upande wa kushoto, mpaka ndani kwenye kaakaa. Mdomo alishonwa akiwa na miezi minne, kaakaa akiwa na mwaka na nusu. Mdomo umepona vizuri, lakini maneno yake yanatokea puani na watu wa nje hawamuelewi. Juzi tumerudi kliniki tukapewa karatasi: "mpasuko kamili wa kushoto, palatoplasti imeshafanyika, fistula ndogo, VPI, apelekwe Dar es Salaam kwa tathmini ya usemi, faringoplasti ifikiriwe." Hakuna aliyenieleza maana yake. Jirani anasema akikatwa kimeo atasema sawa. Mwingine anasema operesheni ya kwanza ilikosewa. Nimsikilize nani? Na Januari anatakiwa aanze shule.

Jibu: Shikamoo bibi. Nianze na la kimeo, maana mkata vimeo haombi rufaa wala hapangi tarehe. Leo mkikubaliana, kesho mtoto kashakatwa. Msikubali. Kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kinywa kiko kwenye ncha ya kaakaa laini, na shida ya mjukuu wako, kwa jinsi karatasi inavyosoma, ni kwamba kaakaa lake laini halifiki linakotakiwa kufika. Ukipunguza nyama mahali ambapo nyama haitoshi, unaongeza pengo. Tena kovu jipya hukaza na kuvuta. Hapo sijataja damu isiyokata, kidonda kuoza na pepopunda, mambo ambayo wahudumu wa hospitali wanayajua vizuri kwa watoto waliokatwa mitaani. Wako pia watakaokwambia akatwe kamba ya chini ya ulimi. Hiyo nayo haihusiki na hewa inayopita puani.

Sasa tuisome karatasi.

"Mpasuko kamili wa kushoto" ni maelezo ya alivyozaliwa tu. Uso wa mtoto huungana mapema sana tumboni: mdomo wa juu kati ya wiki ya 4 na ya 7 ya mimba, kaakaa kati ya wiki ya 6 na ya 9, mara nyingi mama mwenyewe hajawa na hakika kama ni mjamzito. Sehemu za kulia na za kushoto zikikosa kukutana, mpasuko unabaki. Ukiishia mdomoni bila kufika tundu la pua, huo si kamili. Ukipita mdomo, sakafu ya pua na ufizi, ndio kamili, na kwa mjukuu wako uliendelea mpaka mwisho wa kaakaa. Kushoto ndiko kunakoongoza: katika mipasuko 10 ya mdomo, takriban 6 huwa kushoto, 3 kulia na 1 pande zote mbili. Wavulana hupata zaidi mpasuko wa mdomo, wasichana zaidi ule wa kaakaa peke yake. Makadirio yanayotumika sana ni mtoto mmoja katika kila 700 hivi duniani. Habari za mama kushika kisu siku ya kupatwa kwa mwezi yaacheni. Mkwe au binti yako hakufanya kosa lolote.

"Palatoplasti" ni kushona kaakaa, basi. Kushona mdomo huitwa keiloplasti. Kwenye karatasi nyingine utakuta jina la mtu limewekwa kando ya operesheni, na ndugu wengi hudhani ndilo jina la daktari aliyeshona. Hapana, ni jina la mbinu. Millard alikuwa daktari wa Marekani aliyeonyesha mwaka 1955, kwenye mkutano Stockholm, jinsi ya kuzungusha kipande cha mdomo ili kovu lifuate mstari wa kawaida ulio chini ya pua. Midomo mingi inayoshonwa leo inafuata njia yake au njia zilizozaliwa nayo. Langenbeck alikuwa Mjerumani. Mwaka 1861 alieleza jinsi ya kubandua utando wa kaakaa pande mbili na kuukutanisha katikati. Veau, Mfaransa, aliipanga mipasuko ya kaakaa katika makundi manne mwaka 1931. Ukiona "Veau 3" ujue ni mpasuko kamili wa upande mmoja, kama wa mjukuu wako. "Veau 4" ni wa pande mbili. Na Furlow, Mmarekani mwingine, aliandika mwaka 1986 juu ya kukata kaakaa laini kwa umbo la herufi Z mbili zinazotazamana, ili lirefuke na msuli wake ukae sawa. Jina la Furlow liweke akilini, litarudi.

Nimetaja msuli kwa sababu ndio wenye kesi yote. Ndani ya kaakaa laini kuna msuli unaolinyanyua, mmoja kutoka kulia na mwingine kutoka kushoto. Kwa aliyezaliwa bila mpasuko, hiyo miwili hukutana katikati, na ikijikaza hulivuta kaakaa juu na nyuma mpaka liguse ukuta wa koo. Kwa aliyezaliwa na mpasuko haikukutana. Imejishikiza mbele, kwenye ukingo wa kaakaa gumu, ambako haina kazi. Daktari akishona utando tu akaiacha misuli hapo ilipo, tundu limezibwa, uji haupandi puani tena, kila mtu anashangilia, ila kaakaa haliinuki. Mjerumani mmoja, Kriens, alilisisitiza hili mwaka 1969, na madaktari wengi baada yake wamekuwa wakiing'oa misuli kule mbele na kuiunganisha nyuma inapostahili kuwa. Ukifika Dar, muulize daktari kama taarifa ya operesheni ya kwanza inasema misuli iliunganishwa au la. Swali hilo moja litamwonyesha kwamba amekutana na bibi anayefuatilia.

Herufi VPI ni kifupi cha jina refu la kitabibu, na maana yake ni hii: mlango kati ya koo na pua haufungi vya kutosha. Mlango wenyewe ni hilo kaakaa laini pamoja na kuta za koo. Katika Kiswahili sauti zinazopita puani kwa haki yake ni nne tu: m, n, ny na ng'. Nyingine zote zinataka mlango ufungwe. Ukibaki wazi, irabu hupata mvumo wa puani, ile sauti ambayo watoto wa mtaani huiita king'ong'o, na sauti zinazohitaji hewa ibanwe mdomoni kwanza, p, b, t, d, k, g, ch, j, f, v, s, z, sh, ndizo zinazoumia zaidi. Watu wa Tanga mnajua baiskeli: vali ikivuja, utapampu mpaka jasho likutoke na tairi lisijae. Mtoto huyu hewa anayo, ila inakimbilia puani kabla ya p kupasuka.

Je, operesheni ya kwanza ilikosewa? Bila kumtazama kinywani na bila taarifa ya upasuaji, hakuna anayeweza kukujibu kwa haki, na huyo jirani hawezi kabisa. Ila VPI peke yake haithibitishi kosa. Hata kwenye hospitali zenye kila kifaa, kati ya watoto 10 walioshonwa kaakaa, 2 au 3 hivi hubaki na mlango usiofunga sawasawa. Umri nao una mchango. Mwaka 2023 ulichapishwa utafiti mkubwa wa watoto 558 wa Ulaya na Brazil waliozaliwa na mpasuko wa kaakaa peke yake: nusu walipangiwa kushonwa wakiwa na miezi 6, nusu miezi 12, kwa mbinu ileile. Walipofika miaka 5, mlango usiofunga ulikutwa kwa asilimia 8.9 ya waliotangulia na asilimia 15.0 ya waliofuata. Mjukuu wako alishonwa na mwaka na nusu. Kwa hali yetu huko si kuchelewa kwa kutisha, maana wapo wanaoshonwa wakiwa tayari wanasoma. Lakini mtoto wa mwaka na nusu ameshaanza maneno yake, na ameyaanza na kaakaa lililo wazi.

Na hapo ndipo wengi wanapopotea njia. Kwa mtoto aliyeshonwa kaakaa, "kusemea puani" ni mambo mawili yaliyochanganyika, na dawa ya moja haitibu la pili.

La kwanza ni mlango wenyewe. Huo ni mwili. Kama kaakaa laini ni fupi au haliinuki, hakuna zoezi litakalolifikisha. Ni kazi ya daktari wa upasuaji. La pili ni mazoea. Mtoto asiyeweza kubana hewa mdomoni hatafuti ushauri wa mtu, anabuni. Mara nyingi anaikata hewa chini kabisa, kooni, kabla haijafika penye uvujaji, na hicho kimkato cha koo anakitumia badala ya p, t na k. "Kaka" inakuwa vikato viwili vya koo na irabu mbili. "Shikamoo" inabaki na "moo" ya kusikika. Badala ya s anaweza kusaga hewa kooni. Wengine wanaachia tu: b ikipitisha hewa puani inakuwa m. Nilipata kumhudumia mtoto wa Pangani ambaye baba yake alilalamika, nusu mzaha nusu kweli, kwamba mtoto anamwita mama. Alikuwa anamwita baba, tena kwa midomo iliyofungwa vizuri kabisa. Ni pua tu iliyobadilisha neno.

Mazoea hayaondoki kwa kisu. Unaweza kumshona mtoto kaakaa zuri kuliko la daktari mwenyewe, akaamka, akapona, na akaendelea kukata maneno kooni kwa sababu ndivyo anavyojua p inavyotengenezwa. Hiyo ni kazi ya mtaalamu wa tiba ya usemi. Ndiyo maana karatasi yako imetanguliza "tathmini ya usemi" kabla ya kutaja faringoplasti, na utaratibu huo ni sahihi. Akija mtu akataka kuruka hatua hiyo na kwenda moja kwa moja chumba cha upasuaji, mkatalie kwa adabu.

Kabla ya safari unaweza kuanza kutenganisha hayo mawili mwenyewe, hapo nyumbani. Tafuta kioo kidogo cha mkononi, kikae mahali pa baridi kidogo. Mkalishe mtoto akiwa ametulia na hana mafua. Mwambie aseme "papapapa", akishaanza ndipo uweke kioo chini ya tundu za pua, na ukiondoe kabla hajamaliza, maana mwisho wa maneno kila mtu hupumua puani na kioo kitaingia ukungu bure. Ukungu ukitokea katikati ya papapapa, hewa inavuja. Rudia kwa "tatatata" na "kakakaka", halafu "sasasasa". Kisha mpe sentensi isiyo na sauti hata moja ya puani: "Bibi kapika biskuti." Aiseme kawaida, halafu aiseme tena umembana pua taratibu kwa vidole. Kwa mtu mwenye mlango mzima hutasikia tofauti. Kwake ukisikia sauti imebadilika, ikawa na nguvu zaidi au imezibika, huo ni uvujaji. Lakini ukimbana pua na k bado inakatwa kooni vilevile, hapo unasikia mazoea. Mwisho mpe kinyume chake: "Mama anamwona nyani mnene." Karibu sentensi nzima inapita puani, kwa hiyo ukibana pua ni lazima iharibike. Isipoharibika, pua yake imeziba kwa sababu nyingine, na hilo nalo daktari alijue.

Andika unachokisikia kwenye daftari, au bora zaidi mrekodi kwa simu akisema sentensi hizo. Watoto wakifika mbele ya mgeni aliyevaa koti jeupe hunyamaza, na rekodi ya simu imeokoa safari nyingi.

Mazoea hayahitaji kungoja Dar. Anza na p. Mtoto anayekata kooni amebana koo, na koo lililobanwa halitoi pumzi. Kwa hiyo tunaanza na pumzi. Atoe "hhhh" ndefu, taratibu, kiganja chake kikiwa mbele ya mdomo. Katikati ya hiyo pumzi afunge midomo na kuifungua, huku wewe umemshika pua kwa vidole viwili ili hewa isipate pa kukimbilia. Atapata p yenye pumzi nyingi, na ataisikia kiganjani. Wewe bibi, kama umelelewa mwambao, unayo sauti hiyo mdomoni: ile ya p'aa, mnyama wa porini, si ya paa la nyumba. Vijana wengi siku hizi wanayatamka yote mamoja. Tumia ya kwako. P'aa, p'aa, p'aa, kwa pumzi, kwanza kwa kunong'ona bila sauti, kisha na sauti, kisha vidole vikitoka puani kidogo kidogo. Ikikaa vizuri wiki mbili tatu, nenda kwenye k'aa wa baharini, ukimwonyesha kwamba nyuma ya ulimi ndiko kunakofanya kazi. Dakika chache asubuhi na chache jioni zinatosha. Nusu saa kwa mkupuo humchosha, na aliyechoka hurudi kooni.

Usimwambie "sema tena, sema vizuri" kila neno linapoharibika mezani. Akirudia mara kumi kwa njia ileile mbovu, amefanya mazoezi kumi ya ubovu. Muda wa mazoezi uwe wa mazoezi, na muda wa kula mwacheni apige hadithi zake, nyie mmuitikie kwa anachosema.

Nina neno juu ya puto, filimbi na mirija. Huenda mtu amekwambia, au atakwambia, umnunulie mtoto puto ili "msuli upate nguvu". Wapo hata wahudumu wa afya wanaolishauri. Mimi silikubali, na utafiti hauliungi mkono: kaakaa linavyofanya kazi wakati wa kupuliza si linavyofanya kazi wakati wa kusema, na mtoto anaweza kuwa bingwa wa filimbi huku p yake ikivuja vilevile. Puto ni mchezo mzuri. Kama anapenda, apulize, lakini usihesabu kwamba hayo ni matibabu.

"Fistula ndogo" isikushtue. Najua kwa wanawake wa Tanzania neno hilo limezoeleka kwa yale majeraha ya uzazi, lakini kitabibu fistula ni njia yoyote ya wazi isiyotakiwa kati ya sehemu mbili za mwili. Hapa ni kitobo kilichobaki au kilichofunguka kwenye mshono, kati ya kinywa na pua. Kama maji au uji unachungulia puani anapokula, umekiona mwenyewe. Kitobo kidogo mara nyingine hakiathiri usemi hata kidogo, mara nyingine kinaathiri t na s kwa sababu ulimi hupita hapo hapo. Mtaalamu anaweza kukiziba kwa muda akasikiliza kama sauti inabadilika, na hilo linafaa kufanyika kabla ya kuamua kwamba kosa lote ni la mlango wa nyuma. Kuna watoto waliofanyiwa operesheni kubwa ya koo wakati kilichokuwa kinavujisha ni kitobo cha mbele.

Karatasi yako haikutaja masikio, na hilo limenisumbua kuliko fistula. Msuli wa kaakaa ndio unaofungua mfereji mwembamba unaopeleka hewa nyuma ya ngoma ya sikio. Kwa watoto wenye mpasuko wa kaakaa mfereji huo haufunguki vizuri, maji mazito yanajikusanya, na karibu wote hupitia hali hiyo wakati mmoja au mwingine. Hayaumi. Hakuna usaha. Ni kwamba mtoto anasikia kama aliyeziba masikio, na s, f na sh zinapotea kabla hazijamfikia. Asiyeisikia s atajifunza wapi kuisema? Je, anaongeza sauti ya televisheni? Ukimwita akiwa amekupa mgongo anageuka? Vyovyote iwavyo, apimwe usikivu kabla au wakati wa tathmini. Ikibidi, daktari anaweza kuweka kibomba kidogo kwenye ngoma ya sikio kuyatoa maji.

Kuhusu Dar yenyewe. Pitia Bombo, hospitali yenu ya rufaa ya mkoa, upate barua ya rufaa na, ikiwezekana, nakala ya taarifa ya upasuaji wa kwanza. Hospitali ya CCBRT pale Msasani wamekuwa wakifanya upasuaji wa midomo na kaakaa kwa miaka mingi, na shirika la Smile Train, lililoanzishwa mwaka 1999, hulipia upasuaji huo kwenye hospitali linazoshirikiana nazo. Piga simu kwanza, uulize mambo mawili: kama gharama inalipiwa, na siku ambazo mtaalamu wa usemi yupo. La pili ni muhimu kuliko la kwanza. Wataalamu wa fani hii nchini ni wachache, na kilomita zaidi ya 300 kwa basi na mtoto wa miaka mitano si safari ya kwenda kuambiwa rudini wiki ijayo.

Watakachofanya ni kumsikiliza, kumtazama kinywani, na kama vifaa vipo, kupitisha kamera nyembamba puani huku akisema zile sentensi, ili waone mlango unavyofunga na pengo linabaki wapi. Mwingine hupigwa eksirei inayotembea akiwa anaongea. Miaka mitano ni umri mzuri wa kazi hiyo: ana akili ya kushirikiana, na hajazama sana kwenye mazoea.

Kwa matokeo hayo ndipo wataamua. Kama misuli bado imekaa mbele na pengo ni dogo, wanaweza kulifungua kaakaa tena na kuipanga upya, au kulirefusha kwa ile mbinu ya Furlow. Kama pengo ni kubwa, ndipo inakuja faringoplasti, jina la jumla la operesheni za koo zenye nia ya kuupunguza mlango. Mojawapo huinua kipande cha nyama kutoka ukuta wa nyuma wa koo na kukishona kwenye kaakaa, kikabaki kama daraja katikati, hewa ya kupumua ikipita kando. Nyingine huchukua vipande viwili vya pembeni na kuvizungushia nyuma ili mlango uwe mwembamba. Zote zinasaidia sana mtoto akichaguliwa vizuri, na zote zina bei yake: mtoto anaweza kuanza kukoroma, au kukatika pumzi usingizini. Kwa hiyo muulizeni daktari kuhusu tonsili zake kabla, na baada ya operesheni msikilize anavyolala.

Tahadhari moja ambayo ningependa iandikwe kwenye jalada lake kwa wino mwekundu: akija mtu siku moja kusema atolewe nyama za puani kwa sababu anakoroma au ana mafua yasiyoisha, asitolewe kabla daktari wa kaakaa hajasema. Kwa mtoto kama huyu nyama hizo hukaa pale pale kaakaa linapogonga, na huziba sehemu ya pengo. Zikiondolewa, usemi unaweza kuporomoka ndani ya wiki moja. Hili linawahusu hata watoto ambao hawakuwahi kuonekana na mpasuko wowote ila kimeo chao kimegawanyika mara mbili. Wengine wao wana mpasuko uliojificha chini ya ngozi ya kaakaa.

Huko mbele kuna ufizi. Mpasuko wa ufizi hujazwa mfupa, mara nyingi uliochotwa nyongani, mtoto akiwa na miaka 8 hadi 11, kabla chonge halijashuka, ili lipate pa kusimama. Msikubali meno ya hapo yang'olewe ovyo. Taya la juu nalo linaweza kubaki nyuma anapokua, na hilo husahihishwa akimaliza kukua.

Shule aanze Januari kama wenzake. Kumsubirisha mpaka asafishike usemi ni kumpa tatizo la pili. Nenda kwa mwalimu kabla ya siku ya kwanza, bila mtoto, umweleze kwamba akili haina shida, masikio yanafuatiliwa, akae mbele, na asisimamishwe kurudia neno mbele ya darasa. Akionekana hakueleweka, mwalimu amuulize swali la kuchagua, "unataka kitabu au kalamu?", badala ya "unasemaje?". Wakimtania, na watamtania, jibu moja fupi alilozoea nyumbani linamfaa kuliko kulia: "Nilizaliwa hivi, nimeshonwa, najifunza." Lina sh, f na z zake za kumsumbua, lakini wazo litafika. Nakala ya barua ya rufaa mpe mwalimu mkuu, ili siku mtakazokuwa Dar zisiandikwe utoro.